Doa jeupe na doa jeusi si ndugu: meza ya mninga, kitambaa cha binzari na mtungi wa gesi

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Niko Tanga. Tuna meza ya mninga ya marehemu baba, ina zaidi ya miaka 30. Siku ya hitima yake watu walitua sufuria ya pilau juu ya meza bila kuweka kitu chini, pakatokea doa kubwa jeupe kama ukungu. Upande wa dirishani kulikuwa na kopo la maua limekaa kwenye kisahani cha chuma, tulipoliondoa tukakuta duara jeusi. Lile jeusi nimelisugua na stilwaya nikapaka Jiki, weusi umebaki na mbao pembeni imepauka. Kuna na alama ndogo ya kuungua ukingoni, baba alikuwa anaweka kibatari hapo. Halafu kitambaa cheupe cha meza kiliingia mchuzi wa binzari, nilipokifua na sabuni kikawa chekundu! Na jikoni mtungi wa gesi umeacha duara la kutu kwenye terazo. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kabla sijasema lolote, hiyo Jiki irudishe kabatini. Nasema hivi kwa sababu najua kinachofuataga, mtu akiona Jiki haijafanya kazi anakamulia ndimu juu yake, au anamwagia siki, au anachukua ile dawa ya kusafishia choo akidhani vikiungana vitakuwa na nguvu zaidi, na hapo anakuwa ametengeneza gesi ya klorini ndani ya nyumba, gesi inayochoma mapafu. Jiki na kitu chochote chenye asidi havikutani kabisa. Hata godoro la mtoto aliyekojoa usilimwagie Jiki, mkojo nao ukikutana nayo unatoa hewa ya kukaba koo. Haya, sasa twende kwenye meza.

Mimi kazi yangu ni kupiga polishi na vanishi, nilianzia Keko pale Dar nikiwa kijana wa kushika msasa tu, na kitu cha kwanza mzee aliyenifundisha alichonikazania ni kwamba ukiletewa doa usikimbilie kuuliza limetokana na nini, uliza kwanza limekaa wapi. Meza yako siyo mbao tupu, juu ya mbao kuna ngozi, ndo hiyo vanishi au polishi, na chini ya ngozi ndo kuna nyama yenyewe ya mbao. Doa linaweza likakaa juu ya ngozi, hilo ni uchafu tu unafutika kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Linaweza likawa ndani ya ngozi. Au limeshapita ngozi likaingia nyamani. Weupe wa sufuria uko ndani ya ngozi na mbao chini yake ni nzima kabisa, weusi wa kopo la maua uko nyamani, kwa hiyo hata siku moja dawa moja haiwezi kutibu vyote viwili, na ndo maana ukisugua kwa nguvu unaumiza ngozi halafu doa lenyewe linabaki linakutazama.

Tuanze na weupe maana ndo rahisi na utakupa moyo. Sufuria ya pilau inatoka jikoni na joto, chini yake kuna unyevu, joto linalainisha vanishi na ule unyevu unaingia humo ndani unanaswa. Ule ukungu unaouona ni maji madogomadogo yasiyo na njia ya kutokea, mwanga ukigonga hapo unatawanyika ndo maana panaonekana peupe. Kwa hiyo kazi yako siyo kufuta kitu, kazi yako ni kuyafungulia mlango yale maji yatoke.

Leo usiku pangusa meza ikauke vizuri, chukua mafuta ya mgando yale ya kawaida ya kujipaka, paka juu ya doa lote unene kama unavyopaka siagi kwenye mkate, acha mpaka asubuhi. Asubuhi futa na kitambaa kikavu. Doa jepesi mara nyingi linakuwa limekwisha au limebaki kivuli. Mafuta ya nazi nayo yanaweza kusaidia lakini hakikisha umeyafuta yote, kwa sababu mafuta ya kupikia hayakauki, yanabaki yananata yanashika vumbi na baada ya muda yanaanza kunuka, nimeona meza nyingi zimeharibika kwa mtu kupaka mafuta ya nazi au ya alizeti kila wiki akidhani anailisha mbao.

Likigoma, chukua pasi ya umeme. Toa maji yote kwenye pasi, usitumie mvuke hata kidogo, weka moto wa chini kabisa ule wa nailoni. Tandika kipande cha shuka jeupe la pamba, kikavu, kimekunjwa mara mbili, juu ya doa. Usitumie kanga maana rangi inaweza kuhamia kwenye vanishi iliyopata joto. Gusisha pasi huku unaisogeza, hesabu polepole mpaka tano au sita, nyanyua pasi, nyanyua kitambaa, angalia. Hapa ndo uwe mtulivu. Mara ya kwanza utaona kama hamna kitu. Ukirudia mara tatu au nne utaona ukingo wa doa umeanza kula ndani, yaani lile ukungu linapungua kutoka pembeni kwenda katikati, na ukishika kile kitambaa utahisi kina ujotojoto wenye unyevu kidogo, hayo ndo maji ya siku ya hitima yanatoka. Ukisikia harufu ya vanishi au kitambaa kikaanza kunata kidogo, acha papo hapo, subiri meza ipoe kabisa ndo urudie. Mwenye draya ya nywele anaweza kuitumia badala ya pasi, ni taratibu zaidi lakini ni salama zaidi.

Na kikibaki kivuli chembamba, dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida siyo ya jeli, kidogo tu kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua kufuata mistari ya mbao usizungushe. Wazee walikuwa wanatumia jivu laini lililochekechwa likachanganywa na tone la mafuta, ni kazi ileile, linachubua ngozi ya juu kidogo sana. Ila meza ya zaidi ya miaka 30 inawezekana haikupigwa vanishi za siku hizi, inawezekana ni ile polishi ya spiriti iliyokuwa inapigwa kwa bunda la pamba, kwa hiyo geuza meza, mahali pa uvunguni palipopakwa weka tone la spiriti kwenye pamba, gusisha. Pakianza kunata ujue ni hiyo polishi, na hapo spiriti usije ukaigusisha juu ya meza kwa sababu yoyote, hata kufuta wino wa peni, itaivua meza nguo.

Sasa duara jeusi, na hapa nisikilize vizuri.

Fanya hivi ukipata nafasi, tengeneza chai ya rangi kali, tumbukiza msumari wenye kutu uache mpaka kesho. Utakuta chai imekuwa nyeusi kama wino. Na kweli ni wino, kwa karne nyingi watu waliandikia wino uliotengenezwa namna hiyohiyo, chuma na tanini. Tanini ndo ile inayokaukisha ulimi ukinywa chai kali, na kwenye mbao ngumu nayo ipo. Kopo lako la maua lilikuwa linavuja taratibu, maji yakakaa kwenye kisahani cha chuma, kisahani kikaota kutu, maji ya kutu yakatafuta mwanya kwenye vanishi yakazama mpaka kwenye mbao, chuma kikakutana na tanini. Yaani meza imeandikwa wino kwa ndani. Jiki haiondoi chuma. Ilichofanya ni kuipausha rangi ya mninga yenyewe, ile nyekundu ya udongo tunayoipendea, ikaacha wino ulipo.

Na stilwaya nayo, pole mwanangu hukujua, lakini ile ni chuma. Ukiisugua kwenye mbao iliyo wazi tena yenye majimaji inaacha vipande vidogo kama unga kwenye vinyweleo vya mbao, na kila kipande kikipata unyevu kinatengeneza kidoa chake cheusi, baada ya wiki mbili utashangaa meza ina madoa kama kunguru kapiga chafya. Kabla ya kitu chochote tafuta sumaku, ile ya spika mbovu inatosha, ifunge ndani ya kitambaa laini ipitishe hapo mara nyingi, utaona vumbi la chuma limesimama kwenye kitambaa kama nywele. Futa, rudia mpaka isije na kitu.

Dawa ya wino huu inaitwa asidi ya oksaliki. Inauzwa kama chumvi nyeupe ya punje, uliza kwenye maduka ya kemikali, wale wanaouza vitu vya kutengenezea sabuni. Siyo kitu cha kuchezea, ni sumu ikimezwa, kwa hiyo glovu za mpira, miwani, dirisha wazi, watoto mbali, na chombo kiwe cha plastiki au glasi na kisirudi tena kwenye chakula. Usikubali muuzaji akuwekee kwenye chupa ya soda iliyotumika, mtoto ataiona ni ya kunywa. Kama hujisikii salama kuishika mwite fundi polishi aje aifanye mbele yako, siyo aibu.

Kuna jambo moja lazima ulikubali kwanza. Dawa hii inafanya kazi kwenye mbao wazi, haipiti kwenye vanishi. Kwa hiyo vanishi lazima itoke, na ukivua sehemu ya duara peke yake patakuja kuonekana kiraka milele hata ukipaka kwa ustadi gani, kwa hiyo ni kuvua uso wote wa juu wa meza. Vua kwa dawa ya kuvulia rangi au kwa msasa, namba 120 kisha 180, kufuata mistari, na uvae barakoa maana vumbi la mninga linawasha pua na vifua vya watu wengi.

Mbao ikiwa wazi, pale ulipopaka Jiki paoshe kwanza kwa maji safi mengi pakauke, maana oksaliki nayo ni asidi na nimeshasema havikutani. Kisha vijiko viwili vikubwa vya oksaliki kwenye nusu lita ya maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke. Paka uso wote wa meza kwa brashi ya plastiki, siyo duara tu, halafu ongeza mara ya pili pale kwenye weusi. Sasa kaa uangalie. Dakika chache za mwanzo meza yote inakuwa nyeusi-nyeusi kwa sababu ya maji na utaogopa, usiogope. Kati ya dakika 10 na 20 utaona duara linaanza kugeuka kijivu, kisha linakuwa kama moshi, halafu mistari ya mninga inaanza kujitokeza chini yake, kwanza ule mstari mweusi wa asili ndo unaonekana, baadaye wekundu. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na mpaka leo nikifika hapo huwa nasimama tu naangalia. Pakibaki kivuli acha ikauke, rudia kesho. Duara la miaka mingi linaweza kutaka mara tatu.

Ukimaliza osha. Siyo kupangusa, osha kwa sponji na maji safi mara tatu au nne, na osho moja katikati liwe na kijiko kimoja cha beking soda kwenye lita ya maji ili kuiua asidi, lakini usizidishe soda wala usiiache ikae, mbao za jamii hii zikikutana na soda nyingi zinaiva rangi. Acha ikauke siku mbili kivulini, siyo juani mbao itapinda. Na usipige msasa kabla hujaosha, zile punje za oksaliki zikipeperuka na vumbi ukazivuta ndani zinachoma pua na koo vibaya sana. Hilo ndo kosa nililoliona kwenye karakana moja nikiwa kijana, mtu aliharakishwa kazi ya mteja akapiga msasa juu ya dawa iliyokauka, alikohoa mpaka jioni akitokwa damu puani.

Palipopaukishwa na Jiki, nisikudanganye, hakuna dawa ya kurudisha rangi iliyoondoka. Kuna bahati moja, Jiki haizami mbali, kwa hiyo huo msasa wa kuvua vanishi unaweza ukaifikia mbao nzima chini yake. Pakibaki tofauti, fundi anachanganya rangi ya mbao kidogokidogo kwenye spiriti anapagusa kwa brashi nyembamba mpaka pafanane na jirani yake, halafu ndo sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi, msasa 320, vanishi mara tatu ukiacha kila mkono ukauke. Na rangi isilinganishwe na mbao kavu, ilinganishwe na mbao uliyoipangusa kwa kitambaa chenye maji, ndo mbao inaonyesha sura itakayokuwa nayo chini ya vanishi.

Kwa wenye meza za mkongo wanaosoma hapa niseme moja harakaharaka, mkongo una rangi ya njano ndani yake inayotoka ikipata unyevu, kwa hiyo kitambaa cheupe kilicholowa kikikaa juu yake kinaweza kuchafuka njano, usilaumu sabuni.

Kitambaa chako sasa. Binzari kugeuka nyekundu kwenye sabuni siyo kwamba umeiharibu, rangi ya manjano ndo tabia yake, ikikutana na kitu cha upande wa magadi, na sabuni ni mojawapo, inakuwa nyekundu, ukiisuuza vizuri au ukiweka tone la ndimu inarudi njano. Adui wa binzari ni jua. Fua na sabuni utoe mafuta ya mchuzi kwanza, maana mafuta ndo yanaishikilia, suuza, anika kikiwa kimelowa juani moja kwa moja, doa litazame juu, kikikauka kinyunyizie maji tena. Jua la Tanga siku mbili linatosha, tatu kama ulikipiga pasi doa likiwa bado. Vyombo vya plastiki vilivyoshika njano ni hivyohivyo, pangusa na mafuta ya kula, osha, anika.

Na mama zetu wa pwani kutu ya kwenye kanzu wanaitoa kwa ndimu na chumvi juani, wako sawa kabisa, asidi ya ndimu inaiyeyusha kutu, ila suuza sana baadaye kwa sababu ndimu ikikaukia kwenye pamba inauchosha uzi.

Hapo ndo nakuja kwenye terazo, maana najua utasema kama ndimu inatoa kutu kwenye kanzu basi nikamulie jikoni. Usifanye hivyo! Terazo ni saruji na vipande vya mawe, mara nyingi mawe ya jamii ya chokaa, na ndimu, siki, oksaliki, dawa ya choo, zote zinaila chokaa. Kutu itatoka kweli, na mng'ao utatoka nayo, utabaki na duara lililokwaruzika ambalo kila uchafu unakimbilia. Ukitaka kuhakikisha, tone moja la ndimu kwenye kona iliyojificha nyuma ya kabati, subiri dakika mbili, futa, pasa kidole, pakiwa pamekwaruza au pamefifia umepata jibu. Kuta za nyumba za zamani zilizopigwa chokaa nazo ni hivyohivyo. Marumaru za kawaida za kuoka zenye kioo juu ndo zinavumilia ndimu, hizo paka, subiri robo saa, sugua, osha, maliza.

Kwa terazo yako chukua msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi wa magari, namba 400, loweka, sugua duara kwa mkono mwepesi huku unamwagia maji, kutu ya juu inatoka na maji ya rangi ya chai. Kisha namba 800, kisha 1200, mpaka ukipitisha kiganja usisikie tofauti na sakafu ya jirani. Kama kutu imezama zaidi ya hapo ni mashine ya kusagia terazo, fundi anasaga jikoni kote anapiga nta. Na huo mtungi usirudi chini mtupu, kata kipande cha tairi la baiskeli au mpira wowote mnene uuvishe ule ukingo wa chini, au uweke juu ya trei ya plastiki.

Imebaki alama ya kibatari. Hiyo siyo doa, ni mbao iliyoungua, kuitoa ni kukwangua mpaka kwenye mbao nzima na utaacha shimo kidogo ukingoni ambalo utalijaza kwa unga wa mbao na gundi. Inawezekana, nimeshazifanya nyingi. Lakini umeniambia nani alikuwa anaweka kibatari hapo, na hukuniambia unataka itoke, umeitaja tu. Ingekuwa meza yangu nisingeigusa. Siku fundi anapokuja kuvua vanishi, kabla hajapitisha msasa wa kwanza, bandika karatasi ya gundi ile ya wapiga rangi juu ya alama hiyo, mwambie hapo asipite na msasa wala dawa, na mwishoni aitoe ile karatasi, apalainishe pembeni kwa namba 320 kwa kidole kimoja tu, halafu vanishi ipite juu yake pamoja na meza nzima.